Taa ya mchana ya Golf imekufa: nirudishe balbu ileile au nifunge LED?

Swali: "Shikamoo fundi. Niko Coventry, Uingereza, natumia Volkswagen Golf ya mwaka 2014 yenye taa za halojeni, zile za balbu ya uzi. Taa ya mchana ya upande wa abiria imekufa na dashibodi inaonyesha alama ya balbu. MOT yangu, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, ni mwezi ujao. Jamaa mmoja anasema niachane na balbu za kizamani, nifunge LED pande zote mbili nisahau habari ya kuungua. Mwingine anasema LED ni kosa, nitafelishwa. Nimsikilize yupi? Halafu mdogo wangu yuko Dar na Toyota IST yake, anataka nimtumie LED za parking ziwe kama taa za mchana. Inafaa?"

Marahaba, kijana wangu. Anayekwambia utafelishwa ndiye mwenye haki, ingawa sina hakika kama anajua kwa nini. Sababu iko ndani ya hiyo balbu yenyewe, kwa hiyo tuanze nayo.

Magari mengi yana balbu ya peke yake kwa ajili ya taa ya mchana. Golf yako haina. Kwenye Golf ya kizazi cha saba yenye halojeni, taa ya mchana na taa ya fulu, ile ya kumulika mbali, zimepanga chumba kimoja. Wanatumia balbu inayoitwa H15, yenye nyuzi mbili. Uzi mdogo ni wa wati 15, huo ndio unaowaka mchana kutwa. Uzi mkubwa ni wa wati 55, unaingia zamu ukipiga fulu, na mdogo unapumzika. Ndiyo maana mdogo ndio unaokufa mapema: mwenzake anaitwa mara moja moja tu usiku kwenye barabara isiyo na taa, yeye yuko kazini kila injini inapounguruma.

Kama huniamini, toka nje mchana kweupe, chuchumaa mbele ya taa, utafute maandishi madogo yaliyochorwa kwenye plastiki ya mbele. Utakuta herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyotoa kibali (1 ni Ujerumani, 2 ni Ufaransa, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza). Karibu na hapo kuna herufi za kazi. RL ni taa ya mchana. A ni taa ndogo ya mbele, ile tunayoiita parking. HC ni dimu ya halojeni, yaani taa ya kumulika karibu, HR ni fulu ya halojeni. Hiyo H ndiyo ya kuangalia. Inasema kwamba taa hii ilipimwa na kupewa kibali ikiwa na balbu ya halojeni ndani yake, si kitu kingine.

Sasa njoo kwenye MOT. Mwongozo wa wakaguzi unasema wazi: taa kubwa ya halojeni, kwenye gari lililoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Aprili 1986, haitakiwi kugeuzwa itumie balbu ya xenoni wala ya LED, na mkaguzi akikuta imegeuzwa lazima aifelishe. Hapo hapimi kama inang'aa vizuri au vibaya. Akiona LED ndani ya taa ya halojeni, kazi imeisha.

Kwa upande mwingine, taa za mchana zenyewe zinakaguliwa tu kwenye magari yaliyoanza kutumika kuanzia tarehe 1 Machi 2018. Gari lako ni la 2014. Maana yake ni kichekesho kidogo: ukienda MOT na hiyo taa ya mchana ikiwa imekufa kama ilivyo leo, hufeli kwa ajili yake. Ukienda umeifungia LED ili iwake, unafeli, kwa sababu umeigusa fulu. Ila usiende hivyohivyo kabla hujahakikisha kwamba uzi mkubwa wa balbu hiyohiyo bado mzima, maana fulu inakaguliwa. Egesha mbele ya ukuta, piga fulu, uhesabu mianga.

Najua utauliza: kama LED inang'aa zaidi, ubaya uko wapi? Ubaya ni kwamba kwenye taa ya gari mwangaza mwingi si hoja. Hoja ni mwanga unatua wapi. Kile kibakuli kinachong'aa nyuma ya balbu, rifleta, kimechongwa kwa hesabu ya uzi mmoja mwembamba unaokaa mahali pamoja, kwa kipimo cha milimita. Uzi unatoa mwanga kuzunguka pande zote. Balbu ya LED ya kubadilishia ina chipu zilizobandikwa kwenye ubao, mara nyingi upande huu na ule, katikati kuna unene wa chuma. Rifleta haijui habari hizo. Inatupa mwanga kama ilivyofundishwa, na sehemu ambayo chipu haziangalii inabaki giza.

Niliwahi kumwonyesha mteja mmoja jambo hili kwa macho yake. Alikuja na gari lenye LED kwenye fulu, amezipenda kweli. Nikaliweka mbele ya ukuta mweupe wa gereji, upande mmoja nikarudisha halojeni, upande wa pili nikaacha LED yake. Upande wa halojeni ulikuwa na kitovu cha mwanga katikati kilichokusanyika vizuri, kando unafifia polepole. Upande wa LED ukuta wote ulikuwa mweupe kama umemwagiwa uji, una mabaka mawili ya giza, na mwanga mwingine umepanda hadi kwenye dari. Kwa karibu unaona kweupe unafurahi. Mbali, kule ambako fulu inatakiwa ikuonyeshe mtu anayevuka, hakuna kitu. Na ule wa kwenye dari ndio unaoingia machoni mwa dereva anayekuja.

Wauzaji watakuonyesha kwamba balbu yao ina E kwenye duara, kwa hiyo ni halali. Soma kinachofuata baada ya E. Ukiona namba inayoanza na 10R, hicho ni kibali cha Kanuni ya 10 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu umeme wa kifaa kutoingiliana na redio na vyombo vingine vya gari. Kwa maneno mengine, balbu hiyo haitakoromesha redio yako. Kuhusu mwanga haijasema lolote. Balbu za uzi zinasimamiwa na Kanuni ya 37, na H15 yenyewe imo humo: lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1350 kwa uzi wa fulu na 260 kwa uzi wa mchana, kwa uvumilivu mdogo juu na chini. LED ya kuchomeka mahali pa H15 haiwezi kuwa balbu ya Kanuni ya 37, kwa sababu haina uzi.

Kuna jambo moja la kweli ambalo huenda jamaa yako amelisikia nusunusu. Mwaka 2020 Ujerumani ilikubali kwa mara ya kwanza balbu ya LED ya kubadilishia halojeni, ya Osram, aina ya H7, na Philips wakafuata. Lakini kibali hicho kinakwenda na orodha: gari hili, mwaka huu, taa yenye namba hii ya kibali. Unatakiwa uwe na karatasi zake, na kinahesabika kwenye nchi zilizotajwa tu. Watu wanachukua habari ya Munich wanaitumia Coventry. Mkaguzi wako hana orodha hiyo wala haitaki.

Basi rudisha H15, na nunua mbili. Nyuzi za pande zote mbili zimewaka saa zilezile, huyo wa upande wa dereva naye anaaga. Chukua ya kampuni inayojulikana, kioo cheupe cha kawaida. Achana na zilizopakwa rangi ya bluu zinazodai zinafanana na xenoni. Ile rangi inakula mwanga, na ili kufidia wanauchosha uzi, kwa hiyo utarudi dukani mapema.

Kufunga si kazi ya gereji kama una mikono myembamba. Zima gari, toa ufunguo, subiri ipoe kama ulikuwa barabarani. Upande wa abiria, kwa magari ya Uingereza, ndio wenye betri, kwa hiyo nafasi ni finyu na mkono unaingia kwa kuombaomba. Toa kifuniko cha nyuma ya taa. Balbu ya H15 ni ile yenye plagi ya miguu mitatu. Chomoa plagi, izungushe balbu kinyume cha mwendo wa saa, itatoka na kitako chake. Kabla hujaitoa iangalie imekaaje, au piga picha kwa simu, maana mpya ina masikio na inaingia kwa mkao mmoja tu. Ukiona unaisukuma kwa nguvu, umekosea mkao. Kioo cha balbu mpya usikishike kwa vidole, mafuta ya ngozi yanakiunguza kikipata joto. Tumia kitambaa kisafi au ishike kitako. Ukikigusa kwa bahati mbaya, kifute kwa spiriti kabla ya kuwasha. Kifuniko kirudishe hadi kikae sawasawa, wengi wanakiegesha tu, halafu baada ya mvua mbili taa inatoa jasho ndani. Alama ya dashibodi itazimika yenyewe kompyuta ikishaona umeme unapita.

Hapo kwenye kompyuta ndipo LED zinapowasumbua watu hata kwenye taa ndogo. Gari kama lako linapima umeme unaopita kwenye balbu. Balbu ya wati 5 inakula karibu nusu ampia. LED inakula sehemu ndogo tu ya hiyo, kompyuta inasema balbu imekatika, alama inawaka. Na hata ukizima taa, kompyuta inatuma umeme wa kuonja kidogo kidogo, hautoshi kuchemsha uzi lakini unatosha kuichezesha LED, unakuta gari limeegeshwa linakonyeza. Dawa inayouzwa ni rezista, inayokula umeme ili kuidanganya kompyuta. Zile za ohm 6 zinazouzwa kwa ajili ya indiketa zinageuza karibu wati 30 kuwa joto zikiwaka mfululizo. Nimetoa moja iliyokuwa imefungwa kwa tepu nyuma ya bampa: plastiki ilikuwa imeyeyuka shimo la ukubwa wa kidole gumba, na waya wa jirani umeachwa uchi. Mwenye gari alikuwa akilalamika harufu tu.

Kama unataka LED kwa dhati kwenye Golf, njia iliyonyooka ni kubadilisha taa nzima kwa taa iliyotoka kiwandani ikiwa ya LED, yenye herufi za kibali za LED juu yake. Ni gharama, inataka nyaya na kupangwa kwa kompyuta, na taa za mwanga mwingi zina masharti ya kujishusha zenyewe gari likibeba mzigo na vinyunyizio vya kuosha kioo. Mwambie na mwenye bima kabla. Kwa gari la 2014, mimi ningeitumia hela hiyo kwa matairi.

Taa ndogo za mbele, zile zenye A, zinatumia W5W, tunayoiita T10. Hapo maneno ni tofauti kidogo. Kanuni za taa za Uingereza za mwaka 1989 zinataka balbu yenye alama ya kibali, kwa hiyo LED ya mtaani haina haki humo pia. Ila kwenye MOT mkaguzi anaangalia kama inawaka, ni nyeupe, na haichezi. Wengi wanapita nazo. Mimi sikuambii ufunge, nakuambia tu ndiyo sababu utawaona wengi wanazo na hawajasumbuliwa. Taa za ndani ya gari, za kusomea na za buti, weka LED kadiri upendavyo.

Na kwa kuwa jamaa yako anataka usahau habari za taa: taa za mchana kwenye magari mengi hazina wenzao nyuma. Ukiwa kwenye barabara kuu ya M6 kwenye ukungu, dashibodi inang'aa, mbele unaona mwanga, unadhani umewasha taa, kumbe nyuma uko giza totoro na lori linakuja. Sheria ya barabarani huko inakutaka uwashe taa kubwa pale usipoona zaidi ya mita 100. Zungusha swichi kwa mkono wako, usiiachie gari.

Sasa mdogo wako wa Dar. IST haikuja na taa za mchana, na si kwa sababu ni gari la bei ndogo. Taa hizi ni mazoea ya watu wa baridi na giza. Finland ilianza mwaka 1972 kuwataka madereva wawashe taa mchana wakati wa majira ya baridi nje ya miji, Sweden ikafuata mwaka 1977 kwa mwaka mzima, na Umoja wa Ulaya ukazilazimisha kwa aina mpya za magari kuanzia tarehe 7 Februari 2011. Japani ilikuja kuzifungulia mlango rasmi mwaka 2016. IST zinazopanda foleni Mwenge na Mbagala zilitoka kiwandani kabla ya hapo.

Kwa hiyo watu wanazitengeneza za kwao. Wanatoa T10 ya wati 5 kwenye parking, wanachomeka LED nyeupe kali, wanatembea nayo imewaka mchana kutwa. Lakini taa ya parking si taa ya mchana ndogo, ni taa nyingine. Kwa vipimo vya Umoja wa Mataifa, taa ndogo ya mbele inatakiwa itoe kati ya kandela (kipimo cha ukali wa mwanga) 4 na 140. Taa ya mchana inaanzia kandela 400 hadi 1200. Moja imetengenezwa ili gari lililoegeshwa lionekane usiku, nyingine inashindana na jua. Ukiweka LED dhaifu kwenye parking, mchana wa Dar hakuna atakayeiona. Ukiweka kali, usiku itaendelea kuwaka pamoja na taa kubwa, haizimiki, na itawachoma macho wa mbele. Taa ya mchana halisi inawaka yenyewe injini ikiwaka na inazimika taa kubwa zikiwashwa. Parking ya IST haijui kufanya hivyo.

Akizitaka kweli, mnunulie seti ya taa za mchana zinazojitegemea, zenye E na RL zilizochorwa juu ya kioo chake, siyo kwenye boksi. Zifungwe kwenye bampa, zikae kati ya milimita 250 na 1500 kutoka chini, ziachane kwa milimita 600 au zaidi, na fundi aunge ule waya wa kuzizima kutoka kwenye taa kubwa. Mafundi wengi wanauacha waya huo unaning'inia kwa sababu taa zinawaka bila huo. Amsimamie.

Kama shida yake ni kwamba parking imeungua tu na anataka LED isiyosumbua, T10 nyeupe ya mwanga wa kiasi inamtosha. IST haina kompyuta ya kupima balbu za parking, haitalalamika. Asikubali ya bluu, hata muuzaji akimwongezea mbili za bure, maana mbele ni nyeupe na nyuma ni nyekundu, na bluu ndiyo inayomwita askari kutoka ng'ambo ya barabara. Na LED asipeleke nyuma kwenye balbu ya nyuzi mbili ya breki bila kujaribu mbele ya mtu. Nyingi za bei rahisi zinatoa mwanga uleule taa ikiwa imewaka na akiwa amekanyaga breki, anayemfuata usiku hawezi kujua kwamba amesimama.

Kufunga ni dakika chache: holda inazungushwa inatoka nyuma ya taa, balbu inavutwa moja kwa moja bila kuzungusha, mpya inasukumwa. Akiwasha na isiwake, asiirudishe dukani. LED inajali chanya na hasi, balbu ya uzi haijali. Aichomoe, aigeuze upande, aichomeke tena.